Tuta la Halmashauri

Watu kumi na mmoja wamegongwa mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, wa mwisho shemeji yangu, mume wa dada. Miaka sita tunaomba tuta, halmashauri inajibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Basi nikatoa viatu ambavyo wateja walinitelekezea, nikavipanga kando ya lami, kila marehemu jozi yake. Dada akaweka maua.

Saa moja haikuisha, lori la halmashauri likafika. Tuta miaka sita, viatu dakika arobaini! Likasimama katikati ya barabara, vibarua wakaanza kuzoa, magari yakapanga foleni nyuma yake kwa adabu.

"Mzee, unachafua mji," msimamizi akafoka.

"Pole, mwanangu. Kesho nitachafua tena."

Viatu ninavyo magunia tele. Wakimaliza upande huu, nimeshapanga ule, kwa hiyo lori linashinda hapo kutwa nzima. Huu mwezi wa tatu, hajagongwa hata kuku.

Jana msimamizi aliuliza tunataka nini hasa.

"Tulitaka tuta," dada akamjibu. "Tumeshapata. Wewe usikose kuja kesho."