Mwanamke Asiyelowa

Kila siku saa mbili na nusu asubuhi, Nezahat alikata vipande vya taulo, ukubwa wa kiganja, akavidondosha kimoja kimoja kwenye bilauri ya maji. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya katika maabara ya kiwanda cha mataulo, nje kidogo ya mji wa Denizli. Kipande kikizama ndani ya sekunde tano, taulo ni zima, litakausha mtu. Kikielea, kilainishi kimezidi. Jumanne moja ya mwezi Machi, kipande kilielea dakika kumi na moja. Nezahat alikunywa chai yake taratibu, akaimaliza, ndipo akakiokota. Kilikuwa kikavu juu na chini.

Akampelekea Bwana Cavit, meneja wa uzalishaji.

"Andika nne," akasema Bwana Cavit.

"Taulo hili halikaushi hata pua, Bwana Cavit."

"Dada yangu, umewahi kumwona mteja anaingia dukani na ndoo ya maji? Analishika, analisugulia shavuni, analipa, anakwenda zake. Andika nne."

Nezahat akaandika nne. Huo ulikuwa mwaka wake wa saba wa kuandika nne.

Kilainishi chenyewe kilikuja kwenye mapipa ya buluu, kizito na cheupe kama mtindi. Nezahat alikisomea, akakijua. Kila chembe yake ina kichwa na mkia. Kichwa kina chaji chanya, na pamba ikilowa huwa na chaji hasi, kwa hiyo kichwa hung'ang'ania uzi na hakiachii. Mkia ni wa mafuta, nao hubaki nje. Mikia hiyo ikijaa, nyuzi huteleza zenyewe kwa zenyewe, na mkono unaoshika husema, lo, ulaini ulioje. Ila mafuta na maji hayapatani, na taulo lililovishwa mikia kupita kiasi huyakataa maji.

Aliyekimimina mashineni alikuwa Perihan, rafiki yake tangu wakiwa shuleni. Alikichota kwa ndoo, akakikoroga katika maji ya uvuguvugu kwa mikono mitupu, maana glavu walizoomba zilikuwa njiani, na zilikuwa njiani kwa miaka kumi na miwili. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Wenzake walimwonea wivu.

Mvua ya Aprili ndiyo iliyofichua jambo. Saa tisa alasiri zamu ilitoka, watu wakalikimbilia basi la kiwanda, wakapanda wakichuruzika. Perihan hakukimbia. Alipanda mkavu, yeye na nguo zake. Matone yalimgusa yakabingirika hadi chini kama shanga zilizokatika uzi.

"Haya, nani anakaa na mimi?" akauliza. "Leo ni mimi peke yangu nisiyelowesha kiti."

"Umekuwa bata, Perihan!" dereva akamtania.

"Bata ana nafuu, Jumapili haendi kazini."

Wakacheka, na basi likaondoka.

Wiki ileile maji ya udhu yakaanza kumkimbia. Alifungua bomba, akainua mikono, na maji yakapita juu ya ngozi bila kuilowesha. Imamu wa mtaa alikwisha kuulizwa swali hilo na wanawake wengine wawili wa idara ileile. Akamwambia atayamamu kwa udongo safi, wala hakumsumbua kwa maswali. Nezahat ndiye aliyerudi kwa Bwana Cavit kuzidai glavu.

"Glavu za nini tena?" akasema Bwana Cavit. "Si mnasema maji hayamloweshi?"

Ilipofika Juni, hata maji ya kunywa hayakukaa naye. Perihan alimaliza mtungi mzima na kiu ikabaki palepale. Daktari wa kiwanda alimpima, akaandika kwamba mwili umekauka, akamshauri anywe maji kwa wingi. Nezahat alimpelekea supu ya mtindi, tikiti lililopozwa kisimani, na chai iliyozizima. Perihan alionja kila kitu ili asimvunje moyo. Midomo yake ilikuwa imepasuka, lakini viganja vilikuwa bado laini.

"Nezo," akasema siku moja, akitazama dirishani, "wewe ndiye mpimaji. Mimi ukinitupa kwenye bilauri, nazama baada ya sekunde ngapi?"

Nezahat alifungua kinywa kusema ukweli.

"Nne," akasema.

"Mwongo we," Perihan akamjibu, akamshika mkono. Hawakulizungumza tena.

Alifariki Jumatano moja ya Julai, jua likiwa utosini. Baada ya saa moja, simu ya Nezahat ililia. Alikuwa Saniye, mwoshaji wa maiti za wanawake, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini.

"Njoo, mwanangu. Maji hayamshiki."

Nezahat alipitia maabara, akachukua soda ya unga ya kufulia. Kiwandani, taulo lililozidishiwa kilainishi hufuliwa kwa maji ya moto yenye soda, mara moja au mbili, likarudi kuwa taulo. Waliikoroga soda ndani ya ndoo, wakammiminia Perihan kuanzia upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Maji yakabingirika. Wakammiminia upande wa kushoto. Sakafu ilijaa maji, kanga za kumfunikia zikalowa chapachapa, na Perihan alilala katikati yake mkavu.

"Shangazi, maji yakiwa ya moto zaidi, huenda yakang'oa," akasema Nezahat. "Nyuzijoto sitini hivi."

"Maiti haichemshwi," Saniye akamjibu kwa upole. "Huyu si taulo, binti yangu."

Ndipo Nezahat alipolia. Machozi yalimdondokea Perihan begani, yakabingirika, yakaingia mferejini pamoja na maji mengine. Saniye alimwacha alie mpaka akatosheka, kisha akatoka, akachota udongo kwenye chungu cha maua kilichokuwa dirishani, akaupepeta kwa vidole. Akampaka Perihan usoni na mikononi. Udongo ulimshika. Akazikwa kabla ya magharibi.

Kesho yake Nezahat aliandika ripoti. Aliandika dakika, si sekunde. Akaandika mwaka baada ya mwaka, na jina la Perihan, na majina ya wale wawili wengine. Bwana Cavit aliisoma yote bila haraka, akaitia kwenye droo, akavua miwani.

"Nimeguswa," akasema. Na ilionekana kweli ameguswa. "Kiwanda hakiwezi kukaa kimya. Lazima tufanye kitu."

Na kitu kikafanyika. Mwezi wa Septemba, katika nyumba ya kuoshea maiti, kiwanda kilikabidhi sanduku kubwa la marumaru lililojaa udongo safi uliochekechwa, kwa ajili ya marehemu wasiolowa. Meya alikata utepe. Imamu aliomba dua, na Bwana Cavit akazungumza kwa ufupi juu ya kuwaenzi wafanyakazi. Watu wakapiga makofi, kwa sababu sanduku lilikuwa zuri na lilihitajika. Mwanamke aliyeshika nafasi ya Perihan, bibi harusi wa juzi tu, alikuwa mstari wa mbele, amekunja mikono yake mitupu tumboni.

Wageni walipokwisha kutawanyika, Saniye alifunua kifuniko, akatumbukiza mkono kwenye udongo, akapima kina chake hadi kwenye kiwiko.

"Idara ya Perihan ina wangapi?" akauliza.

"Kumi na wanane," akasema Nezahat.

Saniye alifikiri kidogo.

"Basi niwaambie waongeze," akasema, akarudishia kifuniko.