Pikipiki Iliyorudi Kwao

Jumanne moja ya mwaka 1975, baada ya chai, kamati ya kijiji cha Mwamko, upande wa Busawe, ilitoka kwenda kuchagua pikipiki. Mkutano mkuu ulikuwa umekubaliana kwamba itabeba wagonjwa na wajawazito, kwa sababu hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, na mwaka ule wanawake wawili walikuwa wamefia njiani. Kamati ilikuwa na watu watatu: mwenyekiti Nyangwine, shemeji yake Joram, na Stanslaus fundi baiskeli, ambaye alichukuliwa ili lawama zikija zipate pa kukaa.

Pikipiki zilikuwa mbili. Ya kwanza, ya mtu mmoja wa Nyamisangura, ilikuwa nyepesi na bado changa. Nyangwine aliikataa kwa kuwa ukiikalia unaonekana kama karani. Ya pili ilikuwa kwa mjane Waisiko, ng'ambo ya mto: nyeusi, ya Kiingereza, ya zamani, iliyoundwa kwa safari ndefu, na ubavuni ilikuwa na kigari cha abiria. Marehemu mumewe aliachiwa na mpima barabara mmoja kabla ya uhuru. Stanslaus alifungua plagi akainusa, akapima oili kwa kijiti, akavuta mnyororo, akazungusha gurudumu na kusikiliza beringi. Alisema injini ni nzima ila imezeeka, inataka oili mpya mara kwa mara, mnyororo upakwe grisi, na isilazimishwe ikiwa baridi. Nyangwine alisema taa yake ni kubwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa maarifa yake yote ya pikipiki, na yalitosha, maana yeye ndiye mwenyekiti.

Waisiko hakutaka fedha, kwa sababu madukani hakukuwa na cha kununua. Alitaka ng'ombe wanane.

"Lakini sikia, mura," alimwambia Nyangwine. "Kitu kikitoka kwangu kwa ng'ombe, kimeolewa. Mkimtesa, atarudi kwao."

"Mama, sisi ni watu wa maendeleo," alijibu Nyangwine, na ng'ombe, ambao walikuwa wa wanakijiji, wakaingia zizini kwa mjane.

Maendeleo yalianza mara moja. Joram aliteuliwa kuwa mtunzaji. Kila asubuhi aliing'arisha taa, na oili akaiacha mpaka ikawa nzito kama uji wa ulezi. Kigari cha wagonjwa kilibeba mapipa ya pombe, mbuzi wa mwenyekiti, na siku moja godoro lake. Pikipiki ikigoma kuwaka, Nyangwine aliipiga teke na kuitukana mbele ya watu. Stanslaus alipofungua mdomo aliambiwa anapinga siasa ya kijiji.

Mwezi wa tatu tangu inunuliwe, pikipiki ilirudi kwao. Iliondoka saa saba mchana, mwenyekiti akiwa anakula. Waliokuwa wakipalilia shamba la kijiji waliiona ikipita peke yake, kwa mwendo wa wastani, ikishika kushoto. Wakasema imevumilia sana. Ilivuka mto pale wanapovukia ng'ombe, ikaingia kwa Waisiko, ikasimama jikoni karibu na kuni.

Kwa mila, mke aliyerudi kwao hufuatwa na mume pamoja na wazee na mbuzi, na makosa huyataja mkosaji kwa kinywa chake. Wazee walimweleza Nyangwine hivyo. Alijibu kwamba mwenyekiti hamwombi radhi chombo cha usafiri.

Siku ya nne uchungu ulimshika Mokami, mkamwana wa Bhoke, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Bhoke alivuka mto mwenyewe, akaikuta pikipiki imefunikwa kanga.

"Shikamoo, mama. Mkamwana wangu anakufa. Niazime binti yako."

"Marahaba. Mimi sikatai. Muulize mwenyewe."

Bhoke aliiuliza. Pikipiki ilikubali, iliwaka pale pale, ikatetemeka, ikazima. Oili ilikuwa imekwisha. Oili nyingine ilikuwa ofisini, kabatini, na ufunguo alikuwa nao mwenyekiti.

Bhoke alirudi mbio. Nyangwine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema oili ya kijiji haiwezi kutolewa kwa chombo kilicho nje ya kijiji.

Mokami alibebwa kwa kitanda na wanaume wanane. Mtoto alikufa kabla hawajafika nusu ya njia, na yeye alikufa hospitali ikiwa imeshaonekana.

Wiki iliyofuata ilikuja barua: wenyeviti wote wakutane Musoma, na watapigwa picha. Nyangwine akachukua wazee wawili, mbuzi wa Stanslaus na debe la oili, akavuka mto. Alipiga magoti jikoni kwa Waisiko akataja makosa yake moja moja kwa sauti safi: oili, mateke, matusi, mapipa, godoro.

"Na Mokami?" aliuliza Waisiko.

"Hayo ni ya kijiji, mama. Hayamhusu huyu."

Wazee walitazamana. Mila haikusema chochote juu ya Mokami. Mbuzi akaliwa, oili ikamiminwa, pikipiki ikawaka.

Nyangwine aliondoka akiwa amevaa suti yake ya mikono mifupi, begi lake likiwa kwenye kigari. Barabara ilipita mbele ya nyumba ya Bhoke, na siku hiyo watu wa matanga walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Alipiga honi. Wakasogea, wakampisha.