Barua Iliyorudia Mtihani

Profesa Grégoire wa kitivo cha kilimo alikuwa na hesabu yake ya alama, na kila aliyepita darasani kwake aliijua kwa moyo: ishirini ni ya Mungu, kumi na tisa ya malaika, kumi na nane yake mwenyewe siku akiamka vizuri. Wanafunzi wagombanie zilizobaki. Fabiola alimaliza na kumi na nne, wenzake wakamtazama kama mtu aliyefufuka.

Sasa chuo kimoja cha Kanada kilikuwa tayari kumfikiria kwa masomo ya uzamili juu ya mbegu za maharage. Kilitaka barua tatu za maprofesa waliomfundisha, na Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa ya Goma, mlango unafungwa. Mbili alikuwa nazo. Ya tatu ilikuwa ya Grégoire, na bila hiyo zile mbili zilifaa kufungia karanga.

Jumatano alimfuata nyumbani kwake Himbi. Profesa hakumpa hata kiti.

"Andika wewe mwenyewe, Mademoiselle. Ulete, nitasaini."

Fabiola hakushangaa, wale wawili wa kwanza nao walisema hivyo hivyo, wakasaini bila kusoma. Shida, kama mara zile mbili, ilikuwa kalamu. Kwao Butembo kujisifu ni aibu ya pili baada ya wizi. Saa mbili nzima zilimpa mstari mmoja: *Fabiola ni mwanafunzi asiyechelewa.*

Mama yake, Mama Marcelline, muuza viazi wa soko la Birere, aliusoma akiwa amesimama katikati ya magunia.

"Ni hii tu?"

"Ni ukweli, mama."

"Miye nikiambia watu viazi yangu haichelewi, mutu gani atanunua? Andika, mutoto yangu. Andika hakuna mwengine toka Beni mpaka Bukavu."

"Mama, ni profesa ndiye anasema."

"Basi profesa aseme vizuri."

Gunia la mwisho lilipouzwa, Fabiola wa kwenye barua alikuwa nguzo, taa, nyota ya Maziwa Makuu. Na Kongo ilikuwa ikimsubiri tangu uhuru.

Alhamisi profesa aliipokea barua, akavaa miwani, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu. Akaanza kusahihisha. Pembeni aliandika *ushahidi?* mara saba. Chini kabisa akaweka nane juu ya ishirini.

"Umeshindwa," alisema. "Utakuja sesio ya pili, urudie."

"Papa Prof, hii ni barua."

"Ni kazi iliyoandikwa. Ni mbaya, nifanye nini? Nyota ya Maziwa Makuu. Nani alipima hiyo nyota?"

"Mwisho ni kesho, Papa."

"Basi na sesio ni kesho. Saa nne."

Fabiola alirudi kwa miguu, amefura. Lakini hasira ilimfaa kuliko sifa za mama yake. Aliketi akaandika kama anayemjibu mtahini aliyekwisha kuapa kumwangusha. Vishamba arobaini na nane vya maharage kule Rutshuru. Mvua iliposomba kumi na viwili, alivipanda upya kwa jembe la kuazima. Daftari la miezi mitano, hakuna siku iliyorukwa. Akamalizia: *Mwaka wa pili alimwonyesha profesa wake, mbele ya darasa, kwamba jedwali lake la nafasi za kupandia lina kosa. Profesa hakufurahi.* Mstari huo nusura aufute. Akauacha.

Ijumaa saa nne kalamu nyekundu ilining'inia juu ya karatasi. Ikapita vishamba, ikapita jembe, ikapita daftari. Kwenye mstari wa mwisho ikasimama.

"Na hii," profesa alisema, "unataka niisaini?"

"Ushahidi uko, Papa Prof. Tulikuwa watu sitini na wawili."

"Nilinuna wiki mbili."

"Zilikuwa tatu."

Profesa alimtazama juu ya miwani. Kisha akakata neno *hakufurahi*, akaandika juu yake: *alinuna wiki tatu, halafu akalisahihisha jedwali.* Chini akaweka kumi na tano juu ya ishirini, na chini ya alama, kwa mwandiko wake: *Msiidharau alama hii. Miaka ishirini na sita nafundisha, sijawahi kuitoa.* Akasaini, akagonga muhuri wa kitivo.

"Nikaichape upya, Papa?"

"Kwa nini? Waone wino mwekundu. Wajue kuna mutu aliisoma."

Akaipiga picha kwa simu yake, akaituma yeye mwenyewe. Saa tisa alasiri jibu la Kanada likafika: barua tatu zimepokelewa, faili limekamilika.

Fabiola alikimbilia Birere. Mama Marcelline alisikiliza kisa chote bila kuacha kupanga viazi.

"Alikupa ngapi?"

"Kumi na tano, mama. Haijawahi kutokea."

Mama Marcelline akageuza kiazi kimoja, akakirudisha juu ya rundo.

"Na zile tano amebakia nazo za nini?"