Kipande cha Mathias

Watu wa kambi walimwita Lupakisyo mroho, tena mbele yake, wala si kwa kujificha. Kwani mtu akishamaliza ngwe yake ya mkonge, matita yamefungwa, nyapara ameyahesabu, anatafuta nini tena shambani? Wenzake wakishuka mto Mkondoa kuoga, yeye anashika panga na kuanza ngwe nyingine, jua la saa saba liko utosini. "Mzee huyu mke hana, hela anampelekea nani?" waliulizana. Ala! Si wangemuuliza mwenyewe.

Ngwe ile ya pili haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe, Mathias.

Na Mathias huyo hajashika panga tangu azaliwe. Miguu ilipinda tangu tumboni, mkono wa kushoto ulijikunja kifuani, na maneno yalimtoka moja moja, kwa jasho. Akili alikuwa nayo, tena ya kutosha kumcheka mtu. Mama yake, Sesilia, mwanamke wa milima ya Lumuma, alimbeba mgongoni mpaka mwaka aliofariki. Baada ya hapo mgongo ukawa wa Lupakisyo. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema wahenga. Hakuna aliyemuuliza ng'ombe.

Miaka ile, baada ya vita ya Hitla, mtoto wa kambini alilala chini ya jina la baba yake mpaka aote ndevu. Mathias akaziota. Lupakisyo akawa anazinyoa kila Jumapili kwa wembe wake mwenyewe, lakini ndevu hazina adabu, ukizifukuza leo kesho zimerudi. Siku moja nyapara Theodory akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Mzee, kijana wako amekuwa mwanaume. Amri ya bwana mkubwa unaijua. Chumba ni cha mwenye kipande na wanaomtegemea: mke, mtoto mdogo, mzazi aliyezeeka. Mwenye ndevu hamtegemei mtu. Achukue kipande au ahame."

"Ahamie wapi?"

"Si ana wajomba?"

Wajomba! Mzee nusura acheke. Cleopa, kaka yake Sesilia, alikuwa amepelekewa hela mwaka baada ya mwaka anunue mbuzi wa Mathias, wazaane, ili kijana akikua awe na kitu chake huko mlimani. Mbuzi wakazaana vizuri. Kisha ukaja ugonjwa. Ajabu ya ugonjwa ule, uliingia zizi lenye mbuzi wa watu wawili, ukachagua wa Mathias peke yao. Lupakisyo alipopanda Lumuma kuuliza, alikaribishwa ugali kwa nyama, akala ile nyama huku akijiuliza ni ya mbuzi wa nani.

"Mwandike," akamwambia Theodory.

"Nimwandike nani?"

"Mathias. Mpe kipande. Kazi yake itafanyika."

Kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini. Kila ngwe iliyokamilika hutiwa alama, na kadi ikijaa ndipo mtu hulipwa. Theodory alicheka, kisha akaacha kucheka, akatazama huku na huku.

"Na posho yake?" akauliza kwa sauti ya chini.

Hapo wakaelewana. Kila wiki unga wa Mathias uliishia nyumbani kwa nyapara. Siku ya mshahara Lupakisyo alimpokelea mwanawe, akisema anaumwa, na mzungu aliyekaa mezani hakuinua kichwa. Hela yenyewe ililipa kodi ya kichwa ya kijana na chakula chake, ikaisha. Lakini mzee hakutafuta hela. Alitaka mwanawe awe na chumba chake kwa jina lake, asiende kumpigia magoti Cleopa.

Siri ile ilimgharimu. Zamani alikuwa akinywa kilabuni kwa Mwamvua, muuza pombe, anawahadithia watu safari yake ya miguu kutoka Tukuyu, na jinsi walivyolala juu ya miti pale Mikumi kwa kuogopa simba. Akaacha. Pombe hufungua mdomo, na mdomo mmoja ungetosha kumtoa Mathias nje. Kambi nzima haikuwa na Mnyakyusa mwingine. Lugha yake ya Kinyakyusa aliizungumza na kijana tu, jioni, akimwogesha. Wengine wakipita wanapiga soga, yeye anasikia hadi vicheko vinapotelea mbali. Upweke ulimchoma kuliko miiba ya mkonge. Mwiba angalau unachomolewa.

Kiangazi cha mwaka uliofuata mgongo ukakataa. Ngwe yake mwenyewe ikawa inamshikilia mpaka saa tisa. Siku moja akajikongoja kuianza ya Mathias, akaishia kuketi chini katikati ya mstari, panga mapajani, akalia kwa hasira. Alilia kwa sauti kubwa kabisa, maana hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Nguvu zilizobaki zilikuwa za ngwe moja, na vipande vilikuwa viwili. Akakaa pale akiwaza mpaka jua likapoa. Kijana mwenye ndevu hawezi kumtegemea baba yake, sawa. Lakini mzee aliyechoka anaweza kumtegemea mwanawe. Kuanzia kesho yake kila tita alilofunga lilikuwa la Mathias.

Haukupita muda mrefu, Theodory akamwita pembeni.

"Mzee, umechanganyikiwa? Kipande chako kimekufa, hakina alama mpya hata moja. Cha mwanao kimejaa."

"Sikuchanganyikiwa."

"Nitakufuta."

"Nifute, baba. Niandike chini yake."

Nyapara akamfuta Lupakisyo kwenye kazi, akamwandika upya: mzazi aliyezeeka, anamtegemea Mathias.

Jioni ile mzee alirudi chumbani karibu na furaha. Alisonga ugali, akaketi na kijana, akamsimulia jambo zima kwa Kinyakyusa tangu mwanzo, maana hata kijana mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

"Kwa hiyo tangu leo chumba ni chako," akamalizia. "Mimi ndiye mzigo wako."

Mathias akacheka mpaka akapaliwa, baba yake akampigapiga mgongoni.

"Niku... fukuze?"

"Ukitaka."

"Kaa. Unapika... vizuri."

Wakacheka wote wawili, jambo ambalo halikuwa limetokea siku nyingi. Kisha midomo ya Mathias ikahangaika kulitafuta neno, na Lupakisyo akalijua kabla halijafika.

"Ukifa... nani... atanikatia?"

Mzee alikuwa na jibu la kumpa nyapara, na la kumpa Cleopa angekuwa nalo akitaka. Swali hili alikuwa akilikimbia tangu kijana alipozaliwa. Safari hii hakuificha hofu yake.

"Sijui, mwanangu. Sina mtu."

Mathias akaisukuma sahani ya ugali kwa mkono wake mzima, kidogo kidogo, mpaka ikafika kwenye goti la baba yake.

"Basi kata... polepole, baba."