Mnyama Asiyeuzwa Buchani

Kama kuna mtu aliyekuwa hafai kabisa kutumwa kununua vitabu vya watoto, ni Mzee Steki, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa yeye mwenyewe. Mzee mzima aliyekula chumvi nyingi, mwenye mkono wa kupasua mguu wa ng'ombe kwa pigo moja, amesimama katikati ya duka la vitabu akitokwa na jasho jembamba mbele ya sungura aliyevaa suruali.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mjukuu wake wa miaka minne, mtoto wa binti yake, alikuwa akija kushinda kwao kila Jumamosi, na kila akija hakutaka kusomewa na mtu mwingine isipokuwa babu. Siku moja alimuuliza babu anafanya kazi gani. Mzee Steki akababaika, akajibu, "Babu anashughulika na ng'ombe." Hakusema uongo, ila ukweli wenyewe aliutoa mafuta na mifupa kabla ya kuufunga. Mtoto naye akajitengenezea babu wake: babu anayewapa ng'ombe majani, anayewafunika wakisikia baridi, anayemjua kila mmoja kwa jina. Babu huyo alipendwa kupita kiasi, na Mzee Steki alimwonea wivu.

Ndiyo maana aproni aliiacha kazini na mikono aliisugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla hajaingia nyumbani. Siku mtoto akijua, alijiambia, hatakubali tena kupakatwa. Wazo hilo lilimnyong'onyeza kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu yeyote.

"Nataka kitabu cha mnyama," alimwambia muuzaji, msichana mwenye miwani aliyekuwa akipanga rafu.

"Huyu kuku na vifaranga wake anapendwa sana."

Mzee akamtazama kuku. Kabla hajajizuia, kidole gumba kilikuwa kimeshambonyeza kidari kupima unono. "Hapana," alisema, akaufutafuta ukurasa kwa mkono wa shati.

"Kondoo je?"

"Kondoo ndiyo kabisa."

"Basi sungura."

"Niliwahi kumuuza. Hakutoka vizuri."

Msichana akavua miwani. "Baba, kwani unatafuta mnyama wa namna gani?"

"Asiyeliwa, mwanangu."

Akamweleza kazi yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba dawa ya ugonjwa wa aibu. Msichana alijikaza asicheke, akashindwa, akaomba radhi, kisha akaingia kwenye utafutaji kwa moyo wote. Akaleta mjusi. Akaleta popo.

"Konokono pia yupo," alisema, "lakini kuna watu wanamla."

"Mimi sijawahi kumtundika. Weka."

Nyumbani mkewe alivipokea vitabu, akavipekua, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Popo? Unamletea mtoto popo? Miaka yote unabeba mafahali mgongoni, leo unamkimbia kuku wa kuchorwa!"

"Nicheke tu," alisema Mzee Steki. "Mimi mwenyewe nimeshajicheka njia nzima."

Jumamosi ilipofika alivisoma kwa bidii zote. Mjusi alipanda ukuta, akashuka ukuta. Popo alilala. Konokono alianza safari ukurasa wa kwanza, na kufikia wa kumi pale alipotoka palikuwa bado panaonekana. Mzee alijitahidi kuupamba usomaji kwa sauti za kila aina, lakini mtoto alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka.

"Babu, huyu hachezi?"

"Anacheza polepole, mama."

Mtoto akateremka, akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na kitabu alichonunuliwa na mama yake. Jaladani alisimama mbuzi mdogo, mnono, mwenye kengele shingoni. Alikuwa anatabasamu.

Mzee Steki hakuwa na pa kukimbilia. Akampakata mjukuu, akafungua. Mbuzi alitoka zizini, mbuzi aliruka mtaro, mbuzi alisimama kwa mbele, akasimama kwa ubavu. Msomaji alijitahidi kumwona kama watu wengine wanavyomwona, lakini macho yalikuwa na mazoea yao: bega hili, mbavu hizi, na mgongo jamani umejaa. Mtoto akaweka kidole kwenye picha.

"Huyu mkubwa au mdogo?"

"Kilo kumi na mbili," alisema babu. "Bila kichwa."

Jikoni sauti ya mwiko ikakatika.

"Bila kichwa kwa nini?" aliuliza mtoto.

Angeweza kumdanganya. Uongo ulikuwa umeshamfika mdomoni, tena mzuri tu, lakini mtoto alikuwa amegeuka anamtazama usoni, akisubiri, naye akaona haya. Haya ya kweli, si ile ya dukani.

"Babu anauza nyama, mama," alisema. "Ng'ombe wakinifikia mimi wameshakufa. Ninawakata, watu wanakwenda kuwapika."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

"Na huyu?"

"Huyu hapana. Huyu ni wa karatasi."

"Lakini umesema kilo."

"Nimesema kilo," alikiri Mzee Steki.

Mtoto akakifunga kitabu. Akateremka taratibu, akakikumbatia kifuani na kwenda nacho chumbani bila kugeuka. Mzee akabaki kwenye kiti, mikono imelala magotini. Mnunua popo mkubwa we, alijiambia, ona sasa. Lakini mzaha haukushika. Aliumia, akatamani hata siku nzima irudi nyuma.

Kule chumbani kabati likafunguliwa. Kitu kikasukumwa, kikasukumwa tena, mlango wa kabati ukafungwa kwa nguvu za mtu mdogo. Mtoto akarudi mikono mitupu, akasimama mbele ya babu yake.

"Nimemficha," alisema. "Usiniulize nimemficha wapi."

"Sikuulizi."

"Hata ukinibembeleza sisemi."

"Sikubembelezi."

Akamkazia macho, kuhakikisha. Kisha akapanda, goti moja, la pili, akageuka na kukaa palepale alipokuwa amekaa mwanzo. Akaichukua mikono ya babu, mmoja baada ya mwingine, akajizungushia tumboni.

"Nishike vizuri," alisema. "Nitaanguka."