Maji ya Vuguvugu Kimemi

Tangu apigwe risasi ya nyonga kwenye njia ya Mbau, Marie-Jeanne hakutembea tena. Daktari alimshauri aogelee, lakini bwawa la nyumbani kwao Kimemi lilikuwa na baridi ya kukakamaza misuli. Basi Muyisa, mumewe, akamleta fundi Issaka kutoka Beni, ambaye alifunga paneli za jua juu ya paa ili maji yapite humo yapate moto.

Yalipopata vuguvugu, Muyisa alimbeba mkewe hadi ndani ya bwawa.

“Unasikia baridi, mama?”

“Hapana, iko muzuri. Uniachilie kidogo.”

Akamwachilia. Marie-Jeanne alielea, akafumba macho, kisha akamlilia kwa sauti dada yake Kavugho, aliyeuawa njiani siku ileile aliyopigwa risasi yeye. Hakuwa amewahi kumlilia hadi hapo. Muyisa alisimama karibu, maji yakimfika kifuani, akamwacha alie.