Kitanda Chenye Bonde

Nyumba yetu ilijifunza kunong'ona kabla mimi sijazaliwa. Baba alikuwa mlinzi wa ghala usiku, na mchana alilala sebuleni, kwenye kitanda cha mchana kilichokaa chini ya dirisha: kirefu kama kochi, hakina mgongo, kimeinuka upande wa kichwani tu. Kwa hiyo tulikula kwa kunong'ona, tukagombana kwa kunong'ona, na mimi na dada yangu tulijua kutukanana kwa midomo bila sauti kutoka. Wageni walidhani tuna msiba kila siku.

Usingizi wa Baba ulichimba bonde katikati ya kile kitanda, na Mama, kazi za jikoni zikiisha, alijinyoosha ukingoni kando yake. Usiku mume akiwa lindoni, Mama alikuwa akijigeuzageuza tu chumbani. Usingizi wake wa kweli ulikuwa ule wa mchana, pale ukingoni.

Msiba wenyewe ulipokuja, wa Baba, tuliendelea kunong'ona.

Siku ya mazishi watu walijaa, pa kukaa hapakuwapo. Dada akamwita mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita akikusanya vitu chakavu, akamwambia achukue kitanda. Aliniambia baadaye kwamba hakuweza kukitazama. Mama alitoka chumbani akakuta watu wameketi mkekani pale kilipokuwa. Tangu siku hiyo hakulala tena. Alisinzia kwenye kiti cha mbao, kichwa ukutani, miguu ikivimba.

"Mama, lala," Dada alimwambia.

"Nimelala."

"Umeketi."

"Basi nimelala nimeketi. Farasi hulala amesimama, nani anamsumbua?"

Muuguzi wa zahanati hakucheka. Alibonyeza miguu ile kwa kidole, shimo likabaki, akatuambia mimi na Dada pembeni kwamba mama yetu asipojinyoosha akalala kama watu, tutamzika yeye pia.

Nikaapa kukitafuta kitanda cha Baba. Nilizunguka kila duka la vyombo vya kale, na hasira ikanipanda kila nilipoingia. Kitu cha maskini kikiwa nyumbani kwa maskini kinaitwa takataka. Kikifutwa vumbi na kuwekwa dirishani, kinaitwa cha kale, na watu wanakizunguka mikono nyuma kama wako mbele ya kaburi la mfalme.

Nilikikuta nyuma ya soko, kwa muuzaji ambaye wenzake walimwita Vumbi. Kilikuwa kimevishwa mahameli ya kijani, mbao zinang'aa. Kama si mguu wa nyuma ningekipita. Mguu huo ulivunjika zamani, na Baba akapachika mahali pake rungu lake la kwanza la lindo.

"Una jicho, kijana," Vumbi alisema. "Mguu huo ni wa asili. Mafundi wa zamani walichonga hivyo."

"Hilo ni rungu."

"Rungu la nani?"

"La baba yangu. Marehemu."

Alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. Nikamweleza habari za Mama na usingizi wake. "Kesho mlete mama," alisema. "Sitamwuzia mtu."

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Nilijiona nimemfufua mtu.

Kesho yake tuliingia dukani watatu, mimi, Mama na Dada, tukinong'ona kama kawaida yetu. Vumbi akaja akifuta mikono.

"Karibuni, karibuni! Mbona mnanong'ona? Kuna maiti humu?"

Dada akajiziba mdomo. Vumbi akakumbuka. "Nisamehe, mama. Ulimi hauna mfupa."

"Maiti hamna, baba," Mama alimjibu. "Vitanda vyao tu."

Nikampeleka penye kitanda chetu. Aliinama akaliona rungu, akalipapasa. Kisha akaketi, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akalala. Dada alinishika mkono akanifinya hadi nikaumia.

Mama alipeleka kiganja katikati ya kitanda, akakirudisha, akakipeleka tena, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Kisha akainuka.

"Umekitengeneza," alimwambia Vumbi.

"Sana, mama! Springi mpya, sponji mpya. Kilikuwa na bonde hapa katikati, ungezama kama ndoo kisimani! Nimelisawazisha lote."

"Na yale ya ndani ya zamani?"

"Nilichoma moto. Yalikuwa yamekwisha."

"Wewe ni fundi mzuri," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa kavu kama jivu.

"Kufa kufaana!" nilipaza sauti. "Unachoma usingizi wa mtu, halafu unauza mbao zake kwa—"

"Shusha sauti," Mama alinikata. "Utamwamsha."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Maisha yetu yote alikuwa akituambia hivyo. Alisimama nalo mdomoni, akitazama sakafu, na Vumbi naye akatazama sakafu.

Kisha Mama akaanza kuzunguka duka. Vumbi alimwonyesha kitanda cha mwanzi uliosukwa, kingine chenye maua ya kuchongwa kichwani. Kila kimoja alikibonyeza kwa kiganja akakipita. Mwisho kabisa, nyuma ya makabati, kulikuwa na kimoja cha turubai iliyochanika pembeni.

"Hicho bado, mama. Hakijaingia kwa fundi."

"Kilikuwa cha nani?"

"Mzee mmoja. Nyumba iliuzwa, simjui hata jina."

Mama alilala ukingoni mwake, si katikati. Katikati kulikuwa na bonde. Akalaza mkono wake ndani.

"Alikuwa mrefu kuliko baba yenu," alinong'ona. "Nachukua hiki. Usikiguse, baba. Kiache kilivyo."

"Mama," nilisema, "cha Baba kile pale. Rungu lake lile pale!"

"Nimeliona."

"Sasa?"

"Mwanangu, baba yako hakuwa mguu wa kitanda."

Dada alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo. "Mimi ndiye niliyekitoa, Mama."

"Najua. Ungekiacha, wangekikalia waombolezaji wote, na bonde lingepotea siku ileile. Nyamaza."

Niliomba nilichomoe rungu angalau, Vumbi akakubali haraka. Mama akakataa. "Liache. Bado liko kazini."

Kitanda cha yule mzee tukakiweka chini ya dirisha. Alasiri Mama alitandika shuka, akalala ukingoni, mgongo ukielekea bonde, miguu juu ya mto. Dada alivuta pazia. Haukupita muda, pumzi ya Mama ikawa nzito na ndefu.

Nilikuwa nikipanga vyombo. Kijiko kikaniponyoka kikalia sakafuni. Mimi na Dada tuliganda, tukageuka kutazama. Hatukumtazama Mama. Tulilitazama lile bonde.